Kutoka Kuonyeshwa Hadi Kuonyesha: Wasanii wa Kifilipino Nchini Marekani

Medali za Madrid, 1884

Mwaka 1884, kwenye Maonyesho ya Kitaifa ya Sanaa jijini Madrid, kijana wa miaka 26 kutoka Ufilipino aitwaye Juan Luna alitunukiwa medali ya dhahabu. Turubai lake, Spoliarium, lina upana unaokaribia mita 8, na linaonyesha maiti za wapiganaji wa Kirumi zikiburutwa kutoka uwanjani kwenda kuvuliwa silaha. Mfilipino mwenzake, Félix Resurrección Hidalgo, alipata medali ya fedha kwa mchoro wa wasichana wa Kikristo waliotolewa hadharani ili umati uwatazame. Ufilipino ilikuwa imetawaliwa na Hispania kwa zaidi ya miaka 300, na watawala wengi waliamini kwamba mtu wa visiwa vile hana uwezo wa kuumba jambo kubwa. Jose Rizal, aliyekuwa akisomea udaktari mjini humo, alisimama kwenye karamu ya Juni 25 kuwapongeza wachoraji hao wawili. Miaka 12 baadaye serikali ya kikoloni ilimpiga risasi mjini Manila.

Nimeanza na medali hizo kwa makusudi. Zaidi ya miaka 70 baadaye, kijana wa Kifilipino mjini San Francisco angeambiwa na mwalimu wake kwamba watu wake hawana historia ya sanaa. Historia hiyo ilikuwapo, tena yenye dhahabu. Ila katikati ya Madrid na San Francisco, Wafilipino walikuwa wamegeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, na kujinasua humo kuliwachukua karibu karne nzima.

Uwanja wa St. Louis, 1904

Chanzo ni mkataba. Desemba 10, 1898, baada ya kushindwa vitani, Hispania iliikabidhi Marekani visiwa vya Ufilipino kwa dola milioni 20. Wafilipino wenyewe walikuwa wameshatangaza uhuru mwezi Juni mwaka huohuo, lakini hawakuitwa mezani. Vita kati yao na Wamarekani vilianza Februari 1899, na vikaacha mashambani msiba mkubwa wa risasi, njaa na kipindupindu.

Serikali ya Marekani ilihitaji kuwaeleza wananchi wake kwa nini imekuwa na koloni upande wa pili wa dunia. Jibu ikalijenga St. Louis, Missouri, kwenye maonyesho ya kimataifa yaliyofunguliwa Aprili 30, 1904. Ekari 47 zilitengwa kwa ajili ya Ufilipino. Zaidi ya Wafilipino 1,000 walisafirishwa kwa meli na treni, wakawekwa katika vijiji vya mfano na kupangwa kwa ngazi. Upande mmoja walikuwa askari waliovaa sare na kupiga gwaride chini ya maofisa wa Kimarekani, upande mwingine walikuwa watu wa milimani, waliotambulishwa kwa wageni kuwa ni washenzi. Katikati palikuwa na shule ya mfano, na watazamaji walisimama kuwaangalia watoto wakifundishwa Kiingereza. Mpangilio mzima ulikuwa hoja ya kisiasa iliyosimamishwa kwa mbao na nyasi: watu hawa wako chini, nasi tutawapandisha.

Kijiji kilichovuta umati kuliko vyote ni cha Waigorot wa milima ya Luzon ya kaskazini. Kwao mbwa huliwa katika baadhi ya matambiko, kule St. Louis tambiko likageuzwa tamasha la kila mara, kwa kuwa wageni walilipa kuliona. Kuna kisa kimoja ambacho kwangu kinafichua nia ya maonyesho yale kuliko hotuba zote. Wakubwa wa serikali waliingiwa na hofu kwamba mavazi madogo ya Waigorot yatawapa wapinzani silaha mwaka wa uchaguzi, wakaagiza wanaume wavalishwe kaptura. Wataalamu wa anthropolojia wakapinga wakisema itaharibu ukweli wa kisayansi. Magazeti yakafanya mzaha. Amri ikalegezwa. Katika mabishano hayo yote kuhusu miili yao, Waigorot hawakuulizwa wanataka kuvaa nini.

Na pale pale St. Louis, michoro ya wachoraji wa Kifilipino, wakiwamo Luna na Hidalgo, ilikuwapo ukutani. Lakini magazeti yalikimbilia kijijini, na picha iliyobaki vichwani mwa Wamarekani ni ya kijijini.

Wafilipino hawakuwa peke yao uwanjani. Kutoka Kongo aliletwa kijana Ota Benga pamoja na wenzake, nao wakawekwa mbele ya umati uleule. Mwaka 1906 Ota Benga alifungiwa kwenye nyumba ya nyani katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, hadi wachungaji weusi walipopaza sauti. Alijiua mwaka 1916 huko Virginia. Waigorot nao, mwaka 1905, walizungushwa nchini Marekani kama sarakasi, hadi Coney Island, na mwaka uliofuata meneja wao, Truman Hunt, akashtakiwa kwa kuwadhulumu mishahara yao. Kuna Wafilipino waliofia St. Louis kwenyewe, na ubongo wa baadhi yao ulichukuliwa na kupelekwa taasisi ya Smithsonian, Washington, kwa utafiti wa kulinganisha mataifa ya watu. Jambo hilo lilifika mbele ya umma kwa ukamilifu mwaka 2023 tu, baada ya msanii mmoja mwenye asili ya Kifilipino anayeishi St. Louis kufuatilia kwa miaka majina na makaburi ya marehemu hao.

Suti na kamera, 1906 hadi 1946

Desemba 20, 1906, Wafilipino 15 walishuka bandarini Honolulu kutoka meli iitwayo Doric. Walikuwa vibarua wa mashamba ya miwa. Wenye mashamba walihitaji mikono isiyozuiwa na sheria za uhamiaji, na Wafilipino, kwa kuwa nchi yao ilikuwa mali ya Marekani, waliruhusiwa kuingia ingawa hawakupewa uraia. Katika miaka 40 iliyofuata zaidi ya watu laki moja walipitia njia hiyo hadi Hawaii. Wengine walivuka bahari hadi California kukata asparaga na kuvuna letusi, na majira ya joto walipanda Alaska kwenye viwanda vya kusindika samaki. Wengi walikuwa vijana wa kiume wasio na wake, na sheria za California ziliwazuia kuoa wazungu. Waliitana manong, yaani kaka mkubwa, na wakazeeka wakiitwa hivyo.

Sanaa ingepata wapi nafasi kwenye maisha ya kuinama toka alfajiri? Tazama picha zao. Siku ya mapumziko, kibarua aliyeshinda juma zima kwenye vumbi la shamba aliingia studio ya picha akiwa amevaa suti kali ya McIntosh, nywele zimepakwa mafuta na kugawanywa kwa mstari ulionyooka, viatu vinang'aa. Alikaa kwenye kiti alichokichagua, akageuza uso upande aliotaka, akalipa kwa pesa yake, akaituma picha kijijini. Kwa macho yangu hayo ndiyo maonyesho ya kwanza ya Wafilipino wa Marekani yaliyosimamiwa na wao wenyewe. Mama aliyeipokea huko Ilocos, Ufilipino, hakuona kibarua. Na leo kila jamii ya Kifilipino inapoandaa maonyesho ya urithi wake, picha hizo za suti ndizo familia huzileta kwanza.

Mtu aliyevaa vizuri aliwaudhi baadhi ya wazungu. Januari 1930, mjini Watsonville, California, magenge yaliwawinda Wafilipino kwa siku kadhaa, na kijana Fermin Tobera akauawa kwa risasi akiwa kwenye nyumba ya vibarua. Mwaka 1934 Bunge la Marekani liliiahidi Ufilipino uhuru baada ya miaka 10, na kwa sheria hiyohiyo likapunguza wahamiaji wa Kifilipino hadi 50 kwa mwaka. Mlango ukafungwa.

Katika kizazi hicho wachache walifaulu kushika kalamu au brashi. Carlos Bulosan, aliyefika Seattle mwaka 1930, alitoa kitabu America Is in the Heart mwaka 1946, na hadi leo wanafunzi wa Kifilipino huanzia hapo kuwajua babu zao. Venancio Igarta alitoka kwenye kazi za mashambani, akahamia New York na kuwa mchoraji aliyetambulika miaka ya 1940. Sifa hazikumlisha, ilimbidi atafute riziki kwa ajira ya kuchanganya rangi.

Swali la Carlos Villa

Carlos Villa alizaliwa San Francisco mwaka 1936, mtoto wa wahamiaji, akakulia mtaa wa Tenderloin. Binamu yake Leo Valledor, aliyezaliwa mwaka huohuo, alianza uchoraji mapema na ndiye aliyemvuta kwenye sanaa. Villa alisoma katika chuo cha sanaa kilichokuja kuitwa San Francisco Art Institute. Huko ndiko alikomwuliza mwalimu wake kuhusu historia ya sanaa ya Kifilipino, naye akajibiwa kwamba haipo.

Mwalimu huyo hakuwa mtu mwenye chuki. Alisema alichokijua, na alichokijua ndicho kilichoachwa na St. Louis. Ndiyo maana jibu lile lilimuuma Villa maisha yake yote: lilitoka kwa mtu aliyemheshimu.

Kwanza alijaribu kulipuuza. Alikwenda New York katika miaka ya 1960 akafanya kazi za mistari na maumbo makavu, kama wenzake wa wakati ule. Mwaka 1969 akarudi San Francisco na kuanza kufundisha palepale aliposoma. Jiji lilikuwa linachemka. Wanafunzi wa chuo kikuu cha jimbo, Wafilipino wakiwamo, walikuwa wamegoma kwa miezi kudai kufundishwa historia za watu wao, na wakashinda. Nje ya jiji, bondeni Delano, California, Wafilipino wakiongozwa na Larry Itliong walikuwa wameanzisha mgomo wa wavuna zabibu Septemba 8, 1965, ambao wafanyakazi wa Kimeksiko walijiunga nao siku chache baadaye.

Kazi za Villa zikabadilika ghafla. Aliondoa turubai kwenye fremu, akalikata na kulishona kama joho. Kazi yake ya mwaka 1971, Painted Cloak, ni joho la kweli: rangi zimepuliziwa zikizunguka kama mawimbi, na manyoya ya ndege yameshikizwa juu yake. Nyingine alizipaka kwa mwili wake mwenyewe, akiacha alama za uso na mikono, na akaongeza mifupa, nywele na damu. Alitazama sanaa za visiwa vya Pasifiki na za Afrika akitafuta mababu ambao chuo hakikumpa. Ukisimama mbele ya joho lile unaona kwamba limekosa mvaaji, na kwamba limeshonwa kwa kipimo cha kiongozi.

Chumba cha mtaani, 1968 hadi 1979

Jirani na mabenki ya San Francisco palikuwa na Manilatown, eneo la mitaa kama 10 hivi kandokando ya barabara ya Kearny. Moyo wake ulikuwa International Hotel, jengo la vyumba vya bei nafuu ambamo manong wastaafu walipanga kwa takriban dola 50 kwa mwezi, pamoja na wazee wa Kichina. Mwaka 1968 wenye jengo walitoa notisi ya kuwafukuza wapangaji ili pajengwe maegesho ya magari.

Upinzani ulidumu miaka tisa, na humo ndimo maonyesho ya jamii yalipozaliwa. Mwaka 1972 vijana wenye asili ya Asia walifungua Kearny Street Workshop kwenye chumba cha chini cha hoteli kinachotazama barabara. Walifundisha kupiga picha, kuandika na kuchapa mabango kwa fremu ya kitambaa na wino. Bango lililochapwa jioni lilikuwa ukutani mtaani asubuhi. Wazee walishuka kutoka vyumbani, wakajiona kwenye picha zilizopigwa na vijana waliowajua kwa majina. Mshairi Al Robles aliketi nao, akala nao, akaandika maisha yao. Tofauti na St. Louis si ukubwa wala uzuri. Ni kwamba aliyepigwa picha aliweza kumwambia mpiga picha aiondoe, naye akaiondoa.

Usiku wa kuamkia Agosti 4, 1977, mamia ya polisi walivamia. Watu wapatao 3,000 walikuwa wameshikana mikono kulizunguka jengo, lakini farasi na virungu vilipenya, na wazee wakatolewa mmoja mmoja. Mwaka 1979 jengo likabomolewa. Kiwanja kilikaa shimo tupu kwa zaidi ya miaka 20, aibu katikati ya jiji tajiri. Mwaka 2005 palifunguliwa jengo jipya la nyumba 104 za wazee wenye kipato kidogo, na chini yake kituo cha Manilatown chenye ukumbi wa maonyesho. Waliotolewa mwaka 1977 wengi walikuwa wameshafariki.

Kuta za mitaani, 1976 hadi 2002

Mwaka 1976, Marekani ilipoadhimisha miaka 200, Villa aliandaa San Francisco maonyesho aliyoyaita Other Sources. Aliwaalika wasanii weusi, Wahindi Wekundu, Walatino, Waasia na wanawake, miongoni mwao Ruth Asawa na Robert Colescott, pamoja na binamu yake Valledor. Kwa kuwa aliambiwa historia haipo, aliamua kuwakusanya walioibeba. Kuanzia 1989 akaendesha mikutano iliyoitwa Worlds in Collision, akiwaita wanahistoria na wasanii wajadili mtaala wa sanaa upya.

Wakati huo sura ya jamii ya Wafilipino ilikuwa imeshabadilika. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 ilileta wauguzi, madaktari na wahandisi pamoja na familia zao, na wengi walipanga kusini mwa barabara ya Market, San Francisco. Huko mitaa ilishapewa majina ya mashujaa wa Ufilipino, na mwaka 1984 ubavu wa jengo la wazee kwenye mtaa wa Lapu Lapu ulipakwa mchoro mkubwa, Ang Lipi ni Lapu-Lapu, kazi ya Johanna Poethig, Vicente Clemente na Presco Tabios. Lapu-Lapu ndiye kiongozi wa Mactan ambaye watu wake walimuua Magellan mwaka 1521. Los Angeles ilifuata mwaka 1995, Eliseo Art Silva alipopaka Gintong Kasaysayan, Gintong Pamana kwenye ukuta wa bustani, na mwaka 2002 eneo hilo likatambuliwa rasmi kuwa Historic Filipinotown.

Kilichokosekana ni kumbukumbu, na waliojitolea kuzikusanya ni mke na mume: Dorothy na Fred Cordova wa Seattle, waliounda mwaka 1982 chama cha kitaifa cha historia ya Wafilipino wa Marekani. Mwaka 1992 chama hicho kilianza kuadhimisha Oktoba kuwa mwezi wa historia yao, kwa sababu Oktoba 18, 1587, mabaharia kutoka Luzon walishuka pwani ya Morro Bay, California, wakiwa kwenye merikebu ya Kihispania. Oktoba ikawa msimu. Maktaba, kumbi za makanisa na vyuo hufungua milango. Mchoraji aliyehitimu chuo hutundika kazi yake karibu na nguo iliyofumwa na bibi na picha ya babu mwenye suti, na nyuma ya ukumbi kuna sinia za lumpia na tambi. Wahakiki wa magazeti makubwa mara nyingi huyapita maonyesho ya namna hii. Naamini wanakosea, maana bila ya hayo makumbusho makubwa yasingekuwa na cha kukusanya.

Makumbusho yafungua milango, 2006 hadi 2024

Mwaka 2006, karne moja tangu meli ya Doric, Smithsonian iliweka maonyesho ya Singgalot kuhusu Wafilipino wa Marekani. Ni taasisi ileile iliyopokea ubongo wa marehemu wa St. Louis. Mwaka 2016 chama cha akina Cordova kilifungua makumbusho yake Stockton, mji ambao mitaa yake ya Kifilipino ilikuwa imebomolewa kwa sehemu kubwa kupisha barabara kuu.

Mwaka 2019 Stephanie Syjuco, mzaliwa wa Manila, aliingia kwenye nyaraka za St. Louis, akatoa picha za mwaka 1904 za Wafilipino waliowekwa kwenye maonyesho, akazifunika nyuso zao kwa viganja vyake kisha akapiga picha upya. Kazi hiyo aliiita Block Out the Sun na kuionyesha St. Louis kwenyewe. Mtazamaji anaona vidole vya mwanamke aliye hai, kucha zake, mikunjo ya ngozi, na pembeni kipande cha bega au nyasi za paa. Amenyimwa uso. Ni kazi rahisi kuieleza, lakini sijaona nyingine iliyoitendea haki miaka hiyo kwa ukali na upole wa kiwango hicho.

Carlos Villa alifariki mwaka 2013. Mwaka 2022 kazi zake za maisha yote zilionyeshwa Newark, kisha San Francisco kwenye makumbusho ya sanaa za Asia, yakiwa maonyesho makubwa ya kwanza ya aina hiyo katika makumbusho ya Marekani kwa msanii wa Kifilipino-Mmarekani. Mwaka huohuo chuo kilichomwambia kwamba hakuna historia kilifunga milango yake kwa kukosa fedha.

Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Pacita Abad, aliyezaliwa visiwa vya Batanes mwaka 1946, akafika San Francisco mwaka 1970, akaishi pia Sudan na nchi nyingi nyingine kabla ya kufariki mwaka 2004. Alijaza turubai pamba, akalishona kama godoro, akalipamba kwa vifungo, simbi na vioo. Katika L.A. Liberty ya mwaka 1992, sanamu ya uhuru ya New York ni mwanamke wa ngozi ya kahawia aliyevaa rangi zote za sokoni. Maonyesho yake yalianzia Minneapolis mwaka 2023 yakaenda San Francisco, New York na Toronto.

Wafilipino wa Marekani leo ni zaidi ya milioni 4. Kwa msomaji wa Kiswahili anayeishi San Francisco au Los Angeles, michoro ya ukutani ya Kifilipino iko nje, haina kiingilio, nenda kaione. Na kwa Wakongomani wengi wazungumzao Kiswahili waliopokelewa Marekani, nchi alikotoka Ota Benga ni yenu, nayo inahitaji ukuta wake. Kusanyeni picha za wazee, ziandikeni majina na tarehe nyuma, mtafute chumba cha maktaba au kanisa mzitundike. Msingoje barua ya makumbusho. Kearny Street Workshop ilianza na chumba kimoja, na mwaka 2022 ilitimiza miaka 50.